Hedaru: Gari Lisilotaka Lami

Ndugu msomaji, ikiwa umewahi kusafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi au Arusha, basi Hedaru umekwisha kuipita, ingawa yamkini hukuitambua. Ukishaiacha Mombo, Milima ya Usambara ikaanza kubaki nyuma, nawe ukaipita Mkomazi, barabara huanza kuambaa chini ya ukuta mwingine wa mawe na misitu. Hiyo ndiyo Milima ya Upare. Itakuwa mkono wako wa kuume muda wote hadi Same, na mkono wa kushoto nyika itatandaa, migunga na mibuyu na mashamba ya mkonge, mpaka macho yachoke. Saa hizo abiria wengi huwa wamesinzia. Kondakta hulitaja jina la Hedaru, wawili watatu huteremka na vikapu vyao, basi likaondoka.

Nami ningeendelea kuipita hivyo hivyo maisha yangu yote, kama si bolti moja. Ilikuwa siku ya Ijumaa, yapata saa nane za mchana, basi letu lilipoanza kukaa upande kama mtu aliyeumia nyonga. Dereva alisimama, utingo akaingia uvunguni, akatoka na habari isiyopendeza: bolti ya katikati inayobana mabamba ya springi ya nyuma ilikuwa imekatika, na ekseli imehama mahali pake. Bolti ya kipimo hicho haikupatikana pale. Ilibidi mtu apande gari lingine akaitafute Same. Tukaambiwa tungoje. Wenzangu walitafuta kivuli na chai. Mimi nikaona heri nitembee.

MJI CHINI YA MLIMA

Hedaru ni kata ya Wilaya ya Same, Mkoa wa Kilimanjaro. Mji wenyewe umejishikiza kati ya vitu vitatu: mlima, reli na barabara kuu. Mvua zitokazo Bahari ya Hindi huupanda mlima kwa upande wa mashariki na kuumwaga mzigo wao huko juu, katika misitu inayokizunguka kilele cha Shengena, chenye urefu wa mita 2,462, ambacho ndicho kirefu kuliko vyote Upareni. Huku chini, upande wa magharibi, hufika mabaki tu. Ndiyo sababu juu kuna migomba na ukungu, na chini kuna vumbi na migunga, ilhali mwendo kati ya pande hizo mbili ni wa miguu tu.

Lakini usidhani kwamba watu wa nchi hii wameishi kwa kungoja mbingu. Tangu kale Wapare wamejenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya kuhifadhi maji, ambayo hujazwa usiku na kufunguliwa mchana ili maji yateremke kwa mifereji hadi mashambani. Kadhalika walikuwa wafua chuma. Upande wa kaskazini, katika nchi ya Ugweno, ukoo wa Washana ulisifika kwa uhunzi. Mchanga mweusi wenye chuma uliokotwa mitoni, ukayeyushwa kwa mkaa na mivukuto, na majembe na silaha zikauzwa hadi kwa Wachagga. Habari hizo aliziandika marehemu Profesa Isaria Kimambo katika kitabu chake cha historia ya Wapare kilichotoka mwaka 1969.

Reli ilikuja baadaye. Wajerumani waliianza Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905, na mwaka 1911 ikaingia Moshi. Kwa miaka mingi baadaye treni ya abiria ilikoma kupita, hadi iliporejea mwaka 2019. Na jambo moja jingine lazima nilitaje, kwa kuwa lina uzito katika habari hii: Upare Kusini ndiko Waadventista Wasabato walikofungua kituo chao cha kwanza katika nchi yetu, mahali paitwapo Giti, mwaka 1903. Hadi leo, katika nyumba nyingi za huku, jua la Ijumaa likizama kazi zote huwekwa chini.

ALAMA MBILI KATIKA VUMBI

Nyuma ya maduka, katika kijia kinachoelekea mlimani, niliona alama mbili nyembamba zinazokwenda sambamba. Hazikuwa za baiskeli wala za mkokoteni. Nilizifuata kama mwindaji afuatavyo nyayo. Zilipita penye majivu, zikakwepa jiwe, zikafika penye ngazi ya mawe, na hapo zikaishia kwa mparuzo mkubwa, kama kwamba kilichokuwa kikipita kimepinduka.

Hatua chache mbele, chini ya mwarobaini, ameketi mzee juu ya kigoda. Mbele yake amechuchumaa mvulana wa miaka kumi na miwili hivi, na kati yao limelala gari la waya, matairi juu.

"Shikamoo, baba," mvulana alinisalimu, akasimama.

"Marahaba. Gari limekufa?"

"Halijafa," alijibu. "Halijui kutembea huku."

Nilimwamkia mzee, akaniitikia na kunikaribisha jiwe la kukalia. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na utando mweupe wa mtoto wa jicho. Alinitazama kwa kuelekeza sikio. Alikuwa ametumikia katika genge la reli miaka mingi, akinyanyua mataruma na kukaza bolti, na vidole vyake vilikuwa bado vinajua kazi ambayo macho yalikwisha kuiacha. Kila alichokishika alikizungusha mara mbili, kisha akakiona.

Taratibu nikaelezwa kisa chao. Watoto wa Hedaru, kama watoto wa nchi nyingi za Afrika, hujitengenezea magari ya waya. Kule Malawi huyaita galimoto. Wa kwetu huku huyasukuma kwa fimbo ndefu yenye usukani juu yake, wakienda mbio nyuma yake na kunguruma kwa midomo. Shida ni kwamba gari la namna hiyo hupenda mahali laini. Katika vijia vya mawe hupinduka kila hatua tatu. Kwa hiyo watoto huyapeleka palipo laini, na palipo laini Hedaru ni pamoja tu: ukingo wa lami ya barabara kuu.

Majuma mawili kabla ya siku ile lori liliacha njia kidogo kulikwepa basi. Gari la waya lilipondwapondwa. Mvulana aliruka mtaroni, akatoka na michubuko ya magoti tu. Mama yake aliona yote, kwani huuza ndizi na mayai ya kuchemsha kwa abiria hatua chache kutoka pale. Usiku ule alikusanya kila gari na kila kipande cha waya kilichokuwamo nyumbani, akakifungia sandukuni.

Babu aliomba. Mkwewe hakumjibu kwa ukali, maana huku mke wa mwana hambishii baba mkwe, ila alisema na mtoto, babu akisikia: "Mwambie babu, nitatoa waya wa gari moja. Likiweza kupanda njia ya mawe mpaka kanisani, lako. Lisipoweza, waya utakwenda shimo la taka, kwa maana gari lisilojua mawe litarudi lami."

Siku ya mwisho ndiyo ile Ijumaa. Jumamosi ni Sabato, Jumapili mtoto alitakiwa shambani, na Jumatatu shule zinafunguliwa naye anaingia darasa la saba. Jua lilikuwa limekwisha kuinamia nyika.

KAZI YA CHASISI

Hapo ndipo nilipojifunza, ndugu msomaji, kwamba gari la kuchezea lina elimu yake. Sisi tupitao njia hutazama bodi: taa za vizibo vya soda, kioo cha karatasi ya nailoni, jina la basi lililoandikwa kwa mkaa. Mzee hakujali bodi hata kidogo. "Bodi ni nguo," alisema. "Mtu hujengwa kwa mifupa." Na mifupa ya gari ni chasisi.

Walianza upya kwa mchoro. Mvulana alimwaga maji kidogo ardhini, akalainisha udongo kwa kiganja, akachora kwa kijiti umbo la chasisi kwa ukubwa uleule litakaokuwa nao: urefu shibiri mbili, upana shibiri moja. Mzee aliupapasa mchoro kwa ncha za vidole bila kuuharibu. Kanuni yake ilikuwa kwamba upana usipungue nusu ya urefu, maana gari jembamba huanguka kwenye kona, na gari fupi mno hugeuka lenyewe kabla hujaligeuza.

Kisha waya. Waya mnene wa fensi, usio na miiba, ndio wa ubavu. Ulikuwa umepindapinda, mvulana alifunga ncha moja kwenye shina la mwarobaini, akaivuta nyingine kwa uzito wa mwili wake, kisha akaulaza juu ya jiwe bapa na kuugonga polepole huku akiuzungusha. Waya ukipigwa upande mmoja tu hukimbilia upande wa pili. Jiwe lile ndilo lililokuwa fuawe lao, na sikuacha kuwakumbuka wahunzi wa kale wa Ugweno.

Mahali pa kukunja palitiwa alama ya mkaa. Plaizi ilishika hasa penye alama, na mkono ukakunja mara moja bila kurudia, kwani waya uliokunjwa na kunyooshwa mara tatu umekwisha kuchoka, na utakatikia hapo. Ubavu wa kwanza ukishakunjwa hulazwa juu ya mchoro. Wa pili hulazwa juu ya wa kwanza. Pande mbili zikitofautiana hata kwa unene wa ukucha, gari litakwenda upande maisha yake yote.

Vipande vitatu vya kukingama viliunganisha mbavu mbili: mbele, kati na nyuma. Hakuna kulehemu pale. Kila kiungo kilizungushiwa waya mwembamba wa kufungia nondo, mizunguko saba, nusu ikienda mkato huu na nusu mkato wa pili, kisha ikasokotwa kwa plaizi mpaka ikalia. Ekseli zilitoka katika spoku za baiskeli, ambazo chuma chake ni kigumu na hakipindi ovyo. Magurudumu yalikatwa katika soli za kandambili zilizokwisha kazi: kifuniko cha kopo kiliwekwa juu, wembe ukazunguka ukingo wake, na tundu la katikati likatobolewa kwa spoku iliyopashwa moto. Spoku ya kutobolea iwe nyembamba kidogo kuliko ekseli, ili mpira uume. Bodi ingekuwa ya mlingoti wa mkonge, ule mti mrefu wa maua unaochomoza katikati ya mkonge uliokomaa. Ukikauka huwa mwepesi kama sifongo, na kisu huukata bila taabu.

Usukani ulikuwa rahisi. Ekseli ya mbele ilifungwa katikati kwa msumari uliosimama wima, na fimbo ndefu ikaunganishwa nayo. Ukigeuza fimbo juu, magurudumu hugeuka chini.

Mzee aliiweka chasisi juu ya jiwe bapa, akabonyeza kila pembe kwa kidole gumba. Haikuyumba hata kidogo. Alitabasamu. Mvulana akaipeleka kijiani. Ilikwenda hatua tatu, gurudumu la kuume la mbele likapanda jiwe, la kushoto likaning'inia hewani, na gari likapinduka, matairi juu, kama lile la kwanza.

MAFIGA MATATU

Walijaribu kulegeza viungo, wakidhani chasisi ikinyumbuka itazifuata kona za mawe. Kweli, magurudumu yakaanza kugusa ardhi. Lakini usukani nao ukalegea, na gari likawa linakwenda linakotaka lenyewe kama mlevi. Wakakaza tena. Likapinduka tena. Saa ilikuwa kumi na moja kasorobo.

Wakati huo mama alikuwa amerudi nyumbani mapema, kama ilivyo siku ya Ijumaa, ili chakula cha Sabato kipikwe kabla ya jua kuzama. Alipita mbele yetu na kuni, akanisalimu, akaingia jikoni, jiko lenyewe likiwa kibanda kisicho na ukuta wa mbele. Alitazama gari likipinduka mara ya nne. Akajitwika uvumilivu muda kidogo, kisha akasema, si kwa mkwewe, bali kwa mwanawe:

"Njoo unisogezee figa hili."

Mvulana akaenda, akasogeza.

"Chini hapa pamenyooka?"

"Hapajanyooka, mama. Pana mteremko."

"Na chungu kinayumba?"

"Hakiyumbi."

"Ningekuwa na mafiga manne kingeyumba. Haya, nenda ukacheze."

Hakusema zaidi. Lakini mzee aliinua uso ghafla, kama mtu aliyeitwa jina lake. Aliinuka kwenye kigoda alichokikalia, akakipapasa miguu: mmoja, wa pili, wa tatu. Akacheka kicheko kirefu.

"Nimetumikia reli maisha yangu yote," alisema, "nimesahau behewa lilivyo."

Akatueleza. Behewa refu halikai moja kwa moja juu ya ekseli. Hukaa juu ya vigari viwili vifupi vya magurudumu, kimoja mbele na kimoja nyuma, na kila kimoja kimeshikwa katikati kwa pini, ili kiweze kucheza chini ya behewa kulingana na njia. Kitu chenye miguu minne migumu hutaka sakafu iliyonyooka. Chenye miguu mitatu hakijali sakafu. Figa moja haliinjiki chungu, lakini matatu hukiinjika popote pale.

Basi ekseli ya nyuma ikafunguliwa. Badala ya kufungwa pembe mbili, ilifungwa katika fremu yake ndogo, na fremu hiyo ikaunganishwa na chasisi kwa pini moja tu, iliyolala katikati, ikielekea mbele na nyuma. Ekseli ikawa inaweza kupanda huku na kushuka kule kama mizani ya muuza sukari. Chasisi sasa ilikaa juu ya mafiga matatu: gurudumu la mbele la kuume, la mbele la kushoto, na pini ile ya nyuma. Mwishowe mzee aliongeza vikulabu viwili vya waya, ili ekseli isicheze zaidi ya upana wa kidole kimoja kila upande; maana, alisema, uhuru usio na mpaka ndio uliowalevya dakika chache zilizopita. Mlingoti wa mkonge ulifungwa chini, kati ya mbavu, si juu yake, ili uzito ukae karibu na ardhi.

KULE ULAYA NA MAREKANI

Nikiwatazama, nilikumbuka mchezo mmoja wa nchi za mbali ambao niliwahi kuusoma. Mwaka 1957 Mwingereza mmoja, Fred Francis, alitoa magari madogo ya umeme yaitwayo Scalextric. Magari hayo hayana usukani. Njia yake imechimbwa mfereji mwembamba, na chini ya pua ya gari kuna ulimi unaoteleza ndani ya mfereji huo; kandokando ya mfereji kuna mistari miwili ya chuma iletayo umeme mdogo wa volti 12 au karibu na hapo. Mchezaji hushika kidude mkononi cha kuongeza na kupunguza mwendo. Akizidisha kwenye kona, ulimi huchomoka na gari huruka nje. Katika miaka ya 1960 mchezo huu uliwashika Wamarekani kwa nguvu, wakajenga kumbi za mashindano, kisha hamu ikapungua kabla ya muongo kwisha. Wapenzi wake hawajakoma hadi leo.

Kinachotuhusu sisi ni kwamba wapenzi wa kweli hawaridhiki na gari la dukani. Huketi mezani, watu wazima wenye mvi, wakikunja waya wa chuma cha pua ya kinanda, ule mgumu wa springi, wakikata vijiti na mabamba ya shaba nyeupe na njano, na kuvilehemu kwa risasi, ili wapate chasisi yenye urefu wa kiganja. Kipimo kinachopendwa ni sehemu moja ya 32 au ya 24 ya gari halisi. Nao hushindana na maswali yaleyale ya chini ya mwarobaini: upana kwa urefu, uzito ukae wapi, chasisi iwe ngumu kiasi gani na inyumbuke kiasi gani. Wengi wao huacha vipande vya ubavuni vicheze juu ya bawaba ndogo, vikulabu vikivizuia visicheze kupita kiasi. Tena gari la mfereji, ukilitazama sana, linasimama juu ya mafiga matatu: ulimi wa mbele, na magurudumu mawili ya nyuma. Magurudumu ya mbele huwa karibu ni pambo tu.

Mmoja anafuata mfereji uliochimbwa na kiwanda, mwingine anafuata kijia kilichochimbwa na mbuzi. Sheria inayowatawala ni moja, na haikuuliza yupi ana pesa.

NJIA YA KANISANI

Jua lilikuwa limebakiza upana wa kiganja juu ya nyika gari lilipokuwa tayari. Halikuwa zuri. Halikuwa na taa wala kioo wala jina. Mvulana alishika fimbo. Mama alitoka jikoni akifuta mikono katika kanga, akasimama bila neno. Mzee aliniomba nimshike mkono.

Gari liliondoka. Penye jiwe la kwanza gurudumu la nyuma la kushoto lilipanda, ekseli ikainama, na mlingoti wa mkonge ukabaki umenyooka kama bakuli la maji kichwani kwa mwanamke. Penye ngazi ya mawe mvulana alipunguza mwendo, akaligeuza kidogo, likapanda pembe kwa pembe. Mzee, asiyeona, alikuwa ameelekeza sikio. "Halikuanguka," alisema, wala si kwa kuuliza. Likapita mtaro mkavu. Likapita mizizi. Watoto wengine walitokea vichochoroni wakafuata nyuma, kimya mwanzoni, kisha kwa kelele. Lilipofika penye uzio wa kanisa lilikuwa limepoteza tairi moja la mbele, ambalo tundu lake lilitobolewa kubwa kidogo; lakini lilikuwa limesimama juu ya miguu yake.

Mvulana alirudi amelibeba kifuani. Mama alilipokea, akaligeuza tumbo juu, akaibonyeza ekseli ya nyuma upande mmoja, akatazama upande wa pili ukipanda. Akambonyezea tena.

"Njia ya mawe ni yako," alimwambia mwanawe. "Ile ya lami ina wenyewe. Nikikuona huko, hata bila gari, tutaonana."

"Ndiyo, mama."

"Na Jumatatu ni shule."

"Ndiyo, mama."

Kisha akamgeukia mzee, akainama kidogo kwa adabu: "Baba, maji ya kuoga yako tayari." Nyundo na plaizi zikafungwa ndani ya kitambaa. Jua likazama. Hakuna aliyegusa waya tena jioni ile, ingawa tairi moja lilikuwa bado linangoja kurekebishwa.

KWA WAZAZI WENZANGU

Ndugu msomaji, katika magulio yetu leo magari ya plastiki kutoka ng'ambo yanauzwa kwa bei ambayo hata muuza ndizi anaimudu. Ni mazuri, yanang'aa, na simchekei mzazi anayemnunulia mwanawe. Lakini gari la plastiki likivunjika mtoto hujifunza jambo moja tu: kwamba limevunjika. Yule wa Hedaru, gari lake lilipopinduka mara nne, alijifunza kwa nini. Alipima, akakata, akakosea, akafungua alichokifunga. Mwalimu Nyerere alipotutolea Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shule zimpe mtoto akili ya kuuliza na uwezo wa kujifunza kwa wengine, kisha kukikubali au kukikataa anachoambiwa. Sijui somo la hesabu linaloweza kufundisha hayo upesi zaidi kuliko chasisi ya waya.

Wala sisemi gari lishindane na kitabu. Mama yule alikuwa na haki, na hofu yake ilikuwa na jina na namba ya usajili wa lori. Fikiria lakini njia aliyoichukua. Angeweza kukataza, basi. Na mtoto angecheza kwa kuiba, penye lami, nyuma ya mgongo wake. Badala yake aliweka sharti, akatoa waya wa gari moja, na wenzake walipokwama akawasaidia bila kumvunjia mtu heshima. Wazazi tunaokaa kando ya barabara kuu, kutoka Chalinze hadi Arusha na kwingineko, tujiulize: watoto wetu wanacheza wapi, na ni nini kinachowapeleka huko? Mara nyingi si utundu. Ni kwamba hapo ndipo mchezo wao unapowezekana. Ukibadilisha mchezo, au ukiwapatia uwanja, umewaondoa barabarani bila fimbo.

Ukitaka kujaribu na mwanao, vifaa ni hivi: waya wa fensi kiasi cha pima moja na nusu, waya wa nondo, spoku mbili, kandambili kuukuu, na plaizi. Waya uwe umeununua au umepewa. Usikatwe katika uzio wa mtu wala wa shirika. Chora kwanza ardhini. Na ekseli ya nyuma uishike katikati.

Saa mbili za usiku bolti yetu ilifika kutoka Same. Fundi aliinyanyua springi kwa jeki, akarudisha mabamba mahali pake, akaipitisha bolti katikati na kuikaza. Nilimshikia tochi. Basi zima, na abiria wote na mizigo yao, lilikuwa limengoja saa sita kwa ajili ya kipande cha chuma kisichozidi urefu wa kidole, kilichokaa mahali pale pale mzee alipoiweka pini yake.

Tulipoondoka niligeuka kuitazama Hedaru. Taa zilikuwa chache. Safari hii sikusinzia hadi Same.